Nilifunga Mlango, Ufunguo Nikavuka Nao Nakonde

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewatelekeza muda mrefu, na kuna wengine mlishaanza kuulizana pale kantini kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa fildi, TP, nyumbani kwetu Tunduma, na leo nipo hosteli hapa Iringa, baridi inanitafuna, nimejifunika blanketi mbili naandika. Nilijiahidi hili jambo nitalisimulia nikifika chuo, maana nikiwa kule nilikuwa na aibu nalo. Aibu imepungua kidogo, basi sikilizeni.

Kwa wale wasioijua Tunduma: ni mji wa mwisho ukitoka Mbeya kama unaenda Zambia, kilomita 100 na kitu hivi. Zamani tulikuwa Mkoa wa Mbeya, tangu 2016 tupo Mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa. Mpaka haupiti porini, unapita mjini. Unatembea, unatembea, mara upo Nakonde, nchi nyingine, pesa nyingine, na saa nyingine kabisa! Zambia wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo ukivuka barabara saa nne unafika ng'ambo saa tatu. Hilo la saa mliweke akilini, litarudi.

Sasa mimi, kama mnavyojua, somo langu la pili ni kompyuta. Nimepangiwa shule moja ya sekondari ya bweni, ina mpaka kidato cha sita, jina nitalihifadhi. Siku ya kwanza kufika Mkuu wa shule ananiuliza, "Madam, wewe ndiye wa kompyuta?" Nikasema ndiyo Mkuu. Akasema, "Mungu amekuleta. Bando letu linaliwa."

Yaani shule inanunua bando la intaneti la mwezi, wiki ya pili limekwisha. Ofisi ya taaluma haiwezi kutuma kitu, mhasibu analalamika, maabara ya kompyuta wanafunzi wanaangalia skrini tu. Mkuu anahisi kuna mtu anachomeka vitu visivyohusika. Nikaenda kuangalia. Kwenye kona ya maabara, ndani ya kabati la mbao, nikakuta swichi ya Cisco Catalyst 2960, matundu 24, vumbi la kutosha kupanda mchicha. Waliipata kwa msaada, ikachomekwa, ikawaka, basi. Hakuna aliyewahi kuipa hata amri moja. Nyaya zimetoka pale zinakwenda kwa Mkuu, taaluma, uhasibu, chumba cha walimu, zilizobaki ni kompyuta za maabara. Tundu lolote ukichomeka chochote unapewa intaneti, hauulizwi umetoka wapi.

Moyoni nikasema, leo ndiyo leo! Mwaka wa pili tulisoma ulinzi wa poti, mnakumbuka? Ile mada ambayo wote tuliidesa usiku wa kuamkia mtihani. Poti ndiyo hayo matundu ya swichi. Nilipomweleza Mkuu kwamba nitaweka ulinzi wa poti akacheka, "Poti si bandari? Mwanangu, sisi hapa bahari tutaitoa wapi?" Nikamwambia Mkuu, usiwaze bandari, waza hapo mpakani.

Na kweli ndivyo nilivyomwelezea, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu niliwafundisha hivyo hivyo. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao kina namba yake iliyotoka nayo kiwandani, inaitwa anwani ya MAC. Ni herufi na tarakimu 12, nusu ya kwanza inamtambulisha mtengenezaji, nusu ya pili ni ya kifaa chenyewe. Ichukulie kama pasipoti. Swichi isiyo na ulinzi ni kama njia ya panya pale kwetu: unapita, unasalimia, hakuna anayekuuliza. Ukiweka ulinzi, kila poti inakuwa na dirisha la uhamiaji. Unaiambia, hapa anapita mmoja tu, na ni huyu. Akija mwingine, fanya moja kati ya mambo matatu.

La kwanza: mtupie nje kimyakimya, usiandike popote. La pili: mtupie nje, lakini hesabu, andika kwenye daftari kwamba amejaribu. La tatu: funga dirisha lote! Hapiti mgeni, hapiti mwenyeji, hapiti mtu mpaka mkubwa aje afungue kwa mkono. Na hili la tatu ndilo swichi inalolichukua yenyewe kama hujaiambia kitu.

Mnajua nilichagua lipi. Mimi ndiye askari mpya bwana, nina filimbi na buti linang'aa, nitachagua la kwanza? Nikachagua la tatu, kisha nikajiona mkali ile mbaya.

Kazi yenyewe ilinila siku mbili. Swichi hii unaanza kuongea nayo kwa waya wake maalumu, ule bapa wa bluu, na kichwa chake kimoja ni cha kizamani, laptopu zetu hazina tundu hilo. Ikabidi niazime kichwa cha kuunganishia kwa mshkaji mmoja Mbeya, kikaja na basi. Nikafungua PuTTY, kasi 9600, nikagonga Enta, na ile swichi ikanijibu. Jamani, kuna raha fulani kitu ambacho umekisoma kwenye desa kinapokujibu! Kwa faida ya wale wa mwaka wa pili, nilichoandika ni hiki:

interface range fastEthernet 0/1 - 24
switchport mode access
switchport port-security
switchport port-security maximum 1
switchport port-security mac-address sticky
switchport port-security violation shutdown

Mstari wa kwanza unasema nazungumza na poti zote 24. Wa pili unasema hizi ni poti za kompyuta za kawaida, maana bila huo ulinzi unagoma kukaa. Wa tatu unawasha ulinzi. Wa nne: kifaa kimoja tu. Wa tano ndiyo mtamu, unaiambia swichi ijifunze yenyewe, kifaa cha kwanza kitakachoongea kwenye poti hiyo ndicho mwenyeji, igande nacho. Wa sita ni ule ukali wangu. Poti ya ruta inayotuletea intaneti nikaitoa kwenye utaratibu huu, na zile ambazo hazina waya nikazizima kabisa.

Kisha nikaja kwenye kuilinda swichi yenyewe. Nikaweka pasiwedi, nikaweka na orodha ya ruhusa, kwamba ukitaka kuingia kuibadilisha kwa njia ya mtandao uwe umekaa kwenye kompyuta moja tu, ya mwalimu, ile ya mbele maabara. Maabara ina kufuli. Ufunguo wa kufuli ninao mimi. Pasiwedi ninayo mimi. Nikampigia mwenzangu wa chumbani simu kumringia, akaniambia "wewe sasa ni Idara ya Uhamiaji."

Kesho yake asubuhi nafika, swichi haina kitu. Tupu! Umeme ulikatika usiku, na mimi sikuhifadhi. Wadau, ukimaliza kuandika amri zako lazima uiambie swichi inakili kwenye kumbukumbu ya kudumu, la sivyo umeme ukikatika inaamka kama haijawahi kukuona. Mhadhiri wetu alisema hili mara tatu na mimi mara zote tatu nilikuwa nachora maua pembeni ya daftari. Nikarudia upya, safari hii nikahifadhi.

Wiki tatu zikapita, mambo shwari. Mwalimu mmoja alikuja na kiruta chake chumba cha walimu, akachomeka, poti ikajifunga. Akaja kwangu anacheka kwa aibu, nikafungua, nikampa somo. Bando likapungua kuliwa, ingawa bado lilikuwa linaisha mapema kidogo kuliko hesabu zangu. Mkuu akanisifia mbele ya walimu wote kwenye kikao cha Jumatatu. Nilivimba kichwa, sitawadanganya.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya mwisho iliyotangazwa ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Nyie mnajua mkopo ni nini. Mimi bila bumu nisingekuwa kwenye hii hosteli, ningekuwa nauza vocha pale stendi, na wengi wenu hivyo hivyo tusidanganyane. Maombi yote ni mtandaoni. Unajaza, unachapisha fomu, unaipeleka serikali ya mtaa isainiwe, mdhamini asaini, wakili au hakimu agonge muhuri, halafu unaskani zile kurasa zenye saini na kuzipandisha. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Kuna miaka huwa wanaongeza siku, lakini nani atakaa aombee waongeze?

Kuna binti alimaliza kidato cha sita pale shuleni. Kwao ni Kamsamba, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Baba alishafariki, mama analima mpunga wa kujikimu. Kupata saini zote kulimchukua wiki nzima, akapanda gari mpaka Mlowo, akalala kwa watu, asubuhi akaja Tunduma moja kwa moja shuleni, kwa sababu Mwalimu wa Taaluma alimwahidi kumsaidia. Huyu mzee ni wa kustaafu karibuni, mpole, kila mwaka anawasaidia watoto wasio na mtu. Hakuna anayemlipa.

Mimi siku hiyo ilikuwa Jumamosi, sina kipindi. Bibi yangu ana dada yake Nakonde, alikuwa anaumwa, nikaombwa nimsindikize. Kwetu sisi Wanyamwanga mpaka ulitukuta, ndugu wako huku na huku. Saa tatu asubuhi tukavuka. Siku hizi pale kuna Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja, kile walichokizindua Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia Oktoba 2019. Tukagongewa, tukapita. Kwenye pochi yangu kulikuwa na kitambulisho, leso, na funguo wa maabara.

Nilichokuja kusimuliwa baadaye ndiyo hiki. Saa nne Mwalimu wa Taaluma anakaa na yule binti. Kompyuta ya ofisini ni ya zamani, inakwenda kwa kujivuta, na zile kurasa alizoskani zilikuwa kwenye laptopu yake. Akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akachomoa waya kwenye kompyuta ya ofisi, akauchomeka kwenye laptopu.

Swichi ikaona pasipoti ngeni. Ikafunga dirisha.

Mzee akaona hakuna intaneti. Akasema labda laptopu ina tatizo, akarudisha waya kwenye kompyuta ya zamani. Bado kimya! Na hapa ndipo palipo na ubaya wa ule mstari wangu wa sita. Poti ikishajifunga haijali tena aliyerudi ni mwenyeji, imefungwa tu. Na swichi haimwambii mtu "umekataliwa kwa sababu hii." Haisemi kitu. Kwa mtu aliyekaa ofisini, poti iliyofungwa na mtandao uliokatika ni kitu kimoja. Kwa hiyo mzee akasema tulivyozoea wote kusema: "Mtandao unasumbua leo. Tusubiri, utarudi."

Wakasubiri. Saa tano. Saa sita. Saa saba. Yule binti amekaa kwenye benchi na bahasha yake ya kaki.

Saa nane mzee akajaribu bando la simu yake, la jero, ukurasa ukafunguka nusu, kupandisha viambatisho ikagoma mpaka bando likaisha. Wakateremka mjini kwenye steshenari, watu wamejaa mpaka nje maana ni siku ya mwisho kwa kila mtu, kijana akawaambia rudini usiku. Wakarudi shuleni. Mtu akasema mbona tusijaribu maabara? Maabara ina kufuli. Madam ana ufunguo. Mpigieni Madam.

Madam hapatikani! Simu yangu ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia na sikuwa nimejiunga na huduma ya kupokea simu nje ya nchi. Pasiwedi ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa Nakonde kinakula nshima na samaki.

Na ile saa niliyowaambia mwiweke akilini. Niliangalia simu nikaona saa tisa. Nikasema moyoni bado mapema, tukaagana polepole, bibi akapewa mahindi mabichi, tukapita sokoni. Kumbe saa ya simu ilikuwa ya Zambia, kwetu ni saa kumi! Tulipovuka na simu kurudi kwenye mtandao wetu zikaanza kuingia meseji za simu zilizokosa kupokelewa, moja, mbili, tatu, nikahesabu kumi na moja, zote kutoka shuleni. Ya mwisho ilikuwa meseji ya Mwalimu wa Taaluma mwenyewe: "Binti yangu samahani kwa usumbufu mtandao umekata tangu asubuhi kuna mtoto wa mkopo hapa ukipata nafasi tunaomba ufunguo."

Nilivyosoma "tangu asubuhi" na nikajua kule kwa Mkuu hawajalalamika, nikaelewa palepale. Tumbo likanishuka. Bibi nikamkabidhi kwa jirani, nikadandia boda. Malori yamepanga foleni barabara nzima kama kawaida yetu, dereva anapenya katikati, mimi nimeng'ang'ania pochi yangu kama yai.

Nafika shule saa kumi na moja na nusu. Nikasema "Shikamoo Mwalimu," bila hata kusimama, nikafungua maabara, nikakaa kwenye ile kompyuta ya mbele. Kuangalia orodha ya poti, poti ya 3, ofisi ya taaluma, hali yake: err-disabled. Ndiyo lugha ya swichi ya kusema nimejifunga. Kufungua ni kuizima na kuiwasha tena, shutdown kisha no shutdown. Ila kwanza uifute ile pasipoti ya zamani, la sivyo laptopu ikigusa inafunga tena. Dakika mbili kazi imekwisha. Dakika mbili wadau! Mtoto wa watu amekaa kwenye benchi saa saba na nusu kwa kazi ya dakika mbili.

Saa mbili kasoro usiku ombi likapokelewa. Yule binti hakuruka wala kulia. Aliomba tu achapishiwe ule ukurasa, akaukunja, akauweka kwenye bahasha, akasema "Asanteni walimu." Mzee akafuta miwani yake akasema, "Mungu mkubwa, mtandao umerudi."

Sasa hapo ndipo palikuwa na mtihani wangu. Kwa sababu ningenyamaza ingekwisha hivyo hivyo. Mtandao umerudi. Nani angejua? Mtandao hauna mdomo wa kujitetea, tunausingizia kila siku. Na mimi nilishasifiwa mbele ya kikao, na alama zangu za TP zilikuwa bado hazijapelekwa chuo. Nilisimama pale nimeshika funguo, nikahesabu faida ya kunyamaza na faida ya kusema. Kunyamaza kulikuwa na faida nyingi zaidi.

Nikasema, "Mwalimu, mtandao haukukatika. Ni mimi niliyeufunga." Nikamweleza yote, waya, laptopu, mstari wa sita, Nakonde.

Alinyamaza kidogo. Sikutegemea alichosema. Akasema, "Binti yangu, nimefundisha miaka mingi. Mtoto ukimtoa nje ya darasa, mwambie kosa lake, na umwambie atarudi lini. Usipomwambia, atakaa nje mpaka jioni akidhani shule imefungwa."

Basi. Hakuongeza neno, akaenda kumtafutia yule binti pa kulala bwenini. Na mimi nikabaki na lile sentensi mpaka leo. Semista nne tumesoma usimamizi wa darasa na adhabu na tuzo, na sijawahi kusikia mhadhara mfupi kiasi hicho.

Lakini ngoja, haijaisha. Wiki iliyofuata nikasema nitafute kwa nini bando bado linaisha mapema. Nikawa nafagia maabara, nikavuta meza ya kompyuta namba 14, ile ya dirishani inayotazamana na bweni la wavulana, nyuma yake nikakuta kiruta kidogo cheupe kimebanwa na gundi ya karatasi, waya umeingia ukutani, mwingine umeingia kwenye kompyuta. Kinafanya kazi kwa raha zake! Nikaenda kwenye swichi, poti ya 14, idadi ya uvunjaji: sifuri. Swichi yangu kali haijaona kitu.

Mwenye kiruta alipatikana haraka, dogo mmoja wa kidato cha tatu. Alichofanya, mshike viti vyenu: aliingia kwenye ruta yake, akaandika ile anwani ya MAC ya kompyuta namba 14, ruta nyingi zina sehemu ya kunakili hivyo. Kwa hiyo ilipojitambulisha kwa swichi ilionyesha pasipoti ya namba 14, na nyuma yake wavulana wa bweni wanapita na simu zao ambazo hata hawaruhusiwi kuwa nazo, wote kwa pasipoti moja. Nikamwuliza, dogo, nani alikufundisha? Akaniangalia chini, akasema, "Wewe Madam. Kile kipindi cha mpakani."

Nilishindwa kukasirika vizuri. Mkuu alimtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 mpaka dogo akatetemeka, kisha akapewa kudeki maabara wiki mbili na kiruta kikachukuliwa. Siku ya tatu ya kudeki akaniuliza kama kuna namna swichi inaweza kumtambua mtu badala ya pasipoti. Nikamwambia ipo, inaitwa 802.1X, kila mtu anajitambulisha kwa jina na pasiwedi yake kabla poti haijafunguka, lakini inataka seva ya kutunza majina na sisi hatuna. Akaendelea kudeki anawaza. Huyo mtoto tumwombee aende upande mzuri.

Sasa wekeni hivyo vitu viwili pamoja. Aliyefungiwa nje siku nzima ni mzee mwaminifu aliyebadilisha laptopu ili amsaidie mtoto. Aliyepita wiki tatu bila kuguswa ni mjanja mwenye pasipoti ya kunakili. Ukali wangu wote uliwaangukia wasiojua kukwepa. Na pale mpakani kwetu ni hivyo hivyo, bibi yangu na mahindi yake mabichi ndiye anayesimamishwa, mwenye mzigo wa maana anaijua njia ya panya tangu utoto.

Sisemi tuache milango wazi. Bando lilikuwa linaliwa kweli. Ila nilirudi kwenye ile swichi nikaifanya upya, na safari hii nilianza kwa kuzunguka na daftari, ofisi kwa ofisi, nikiuliza: wewe unatumia nini hapa, na siku ya haraka utachomeka nini? Nilitakiwa nianze na hilo. Ofisi nikazipa vifaa viwili kila poti, kompyuta na laptopu, na adhabu nikaishusha iwe ya pili, mgeni anatupwa nje na inaandikwa, ila mwenyeji anaendelea na kazi. Maabara nikaacha ya tatu, lakini nikaiambia swichi ijifungue yenyewe baada ya sekunde 300, ndiyo "utarudi lini." Ofisi nikazitenga na maabara, kila upande mtandao wake. Pasiwedi nikaiandika, ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye sefu ya Mkuu. Ufunguo wa pili wa maabara upo kwa Mwalimu wa Taaluma. Na ukutani juu ya kila tundu la ofisi kuna karatasi kwa mwandiko wangu: UKICHOMEKA KIFAA KIGENI HAPA HAKITAPATA INTANETI. MTANDAO HAUJAKATIKA. MWONE MWALIMU WA KOMPYUTA AU WA TAALUMA.

Karatasi hiyo haina hata amri moja ya Cisco na ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Yule binti matokeo yake ya mkopo sijayapata bado wakati naandika. Namba yake ninayo, nimeshika simu mara mbili nimpigie, nimeogopa. Nitapiga wiki hii, na akiwa amekosa nitataka kujua kama ni kwa sababu zake au kwa sababu ya haraka ile ya usiku, kama kuna ukurasa ulisahaulika. Nitawaambia.

Na wewe unayeenda fildi mwakani, hasa mlio na somo la kompyuta: mtakuta swichi kwenye kabati lenye vumbi, na mtataka kuonyesha kwamba mmesoma. Onyesheni. Ila kabla ya kugonga Enta jiulize nani atakuwa amekaa upande wa pili siku utakayokuwa haupatikani.

Ngoja nikapange foleni ya maji kabla hayajakatika. Tuonane darasani Jumatatu, na aliyechukua desa langu la saikolojia alirudishe, sijasahau!